Kurasa Arobaini na Sita

Ukutani kwa baba, juu ya redio, kuna cheti kinachosema kwamba mimi ni mtaalamu wa kilimo. Namba tatu wilaya nzima. Kimewekwa kwenye fremu ya kioo, na mgeni yeyote anayeingia hulazimishwa kukisoma kabla hajapewa kikombe cha chai. Sijawahi kushindana katika kilimo tangu nizaliwe. Nilishindana katika hisabati. Namna nilivyoingia mlango wa hisabati nikatokea kwenye kilimo ni jambo ambalo mpaka leo linanichemsha damu, na wale wanaonishauri niliachilie nawaambia wajaribu wao kwanza.

Shamba letu liko kwenye mteremko juu ya Chepilat, mahali ambapo ukivuka barabara tu unakuta watu wakipatana bei ya ndizi kwa lugha nyingine. Chai yetu haikuwa nyingi, lakini mama aliichuma kana kwamba kuna mtu atakuja kuikagua. Alikuwa na ufito mrefu, mnyoofu, uliokuwa laini kwa kushikwa miaka mingi. Aliulaza juu ya michai, kisha akachuma kile tu kilichochomoza juu yake, majani mawili na kichipukizi. Kilichokuwa chini ya ufito kilibaki mpaka raundi nyingine. Ndivyo michai inavyobaki sawa kama meza, na ndivyo nilivyofundishwa nikiwa bado sifiki mabegani mwa mchai wenyewe. Nikamuuliza siku moja kama kile kilicho chini ya ufito si kitu.

"Ni kitu," mama alinijibu kwa Kikipsigis. "Leo ufito haujakiona, basi."

Niliyakumbuka maneno hayo nikiwa kidato cha tatu, mwisho wa mwaka, wakati mwalimu wetu wa hesabu alipoamua kutuanzishia mambo ya kidato cha nne. Alikuwa kijana kutoka upande wa ziwa, kazi yake ya kwanza, mrefu, mwenye faili la kijani ambalo halikutoka kwapani hata akienda kula. Siku hiyo alitufundisha kutafuta mwinuko wa mstari uliopinda. Unachukua hatua ndogo sana mbele, unagawanya kwa hiyo hatua, halafu ukishamaliza kugawanya unasema hatua yenyewe ilikuwa sifuri na unaifuta. Wenzangu waliandika. Mimi niliona tunaibiwa mchana kweupe.

Nikainua mkono. "Mwalimu, kama hiyo kitu ni zero, tuligawanya nayo aje? Na kama si zero, mbona tunaitupa?"

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Aliendelea na mfano wake, na kengele ilipolia akaniita kwenye ofisi ya walimu. Kutoka chini kabisa ya lile faili akatoa kurasa za fotokopi zilizobanwa kwa pini iliyoshika kutu.

"Soma hii," alisema. "Usionyeshe mtu. Watasema nimekuharibu."

Zilikuwa kurasa arobaini na sita. Nilizisoma kwa kamusi, jikoni, chini ya mti wa nyuma ya choo, kanisani ndani ya kitabu cha nyimbo, Mungu anisamehe. Kitabu zilimotolewa kilihusu tawi la hisabati liitwalo uchanganuzi usio wa kawaida, na habari yake ilikuwa hivi. Wazee wa kale wa hisabati walipiga hesabu zao kwa namba ndogo kuliko namba yoyote unayoweza kutaja, ambazo hata hivyo si sifuri. Hesabu zilitoka sawa, ila hakuna aliyeweza kueleza hizo namba ni nini. Wakaja wengine wenye masharti, wakazifukuza, wakaweka mahali pake ule utaratibu wa kuzunguka, wa kukaribia sifuri bila kuifikia, tuliokuwa tukifundishwa. Kisha, mama yangu akiwa bado msichana, watu wa mantiki wakathibitisha kwamba zinaweza kurudi kwa halali, bila kuvunja sheria hata moja. Unafanya hesabu nazo kama namba nyingine zote, na mwishoni kabisa unaondoa kile ambacho ni kidogo kupita kiasi na kubaki na namba ya kawaida iliyo karibu nayo.

Niliinua kichwa nikaangalia nje. Mama alikuwa analaza ufito wake.

Sikuwahi kuelewa kitu kwa furaha namna ile, na sitaki mtu aniambie kwamba ni mfano wa kitoto. Kichipukizi kiko chini ya ufito. Kipo. Hakichumwi leo. Hicho ndicho kitabu kilichokuwa kikisema kwa alama nyingi.

Sasa sikilizeni lililokuwa linaniuma. Mwanzoni mwa zile kurasa kulikuwa na orodha ya sura zote za kitabu. Nusu ya kwanza ilijenga namba zenyewe. Nusu ya pili ilikuwa matumizi yake katika matawi mengine ya hisabati: uwezekano, mitetemo, mistari iliyopinda angani, hata soko lenye wauzaji wengi mno hivi kwamba hakuna mmoja anayeweza kusogeza bei peke yake. Nilizijua sura hizo kwa majina tu. Fotokopi yangu ilikatika mwisho wa ukurasa wa arobaini na sita, katikati ya sentensi: "Sasa tunaweza kuonyesha kwamba". Basi.

"Stima ilipotea nikitoa kopi," mwalimu alinieleza. "Kitabu iko laibrari ya chuo kikuu. Na huko hawaingizi watoto wa shule."

Lakini mwaka uliofuata kongresi ya sayansi ya mkoa, mashindano ya wanafunzi, ingefanyika katika chuo hichohicho, na mwalimu aliniambia mwenyewe kwamba washindani huwa wanatembezwa maktabani. Wawili wa kwanza wa hisabati kutoka wilaya yetu wangekwenda. Sikutaka kikombe. Sikutaka kupigiwa makofi. Nilitaka kukaa saa moja na ukurasa wa arobaini na saba.

Kwa kuwa sikuwa na sura ya uwezekano, nikaitunga mwenyewe iwe kazi yangu ya mashindano.

Mvua ya mawe ilinisaidia. Kwetu hainyeshi kwa mzaha. Mchana mmoja wa Januari ilitukuta shambani, na mama alipokuwa anafunika kikapu, jiwe moja la barafu likampiga kwenye kifundo cha kidole cha shahada. Kidole kikavimba mpaka akashindwa kuchuma wiki nzima. Nilikaa nikikikanda kwa maji ya chumvi na nikawa na hasira na kitabu cha shule. Maana kwa hesabu tulizofundishwa, nukta kamili pale jiwe lilipoangukia ilikuwa na uwezekano wa sifuri. Kila nukta shambani ilikuwa na sifuri. Ukijumlisha sifuri zako zote unapata shamba ambalo halijawahi kupigwa na jiwe, na mama yangu ameketi hapa na kidole kama ndizi.

Nikaandika hivi: gawa shamba katika nukta N, ambapo N ni namba kubwa kuliko zote za kawaida. Kila nukta ina uwezekano wa moja kwa N. Ni kidogo kuliko chochote unachoweza kutaja, lakini si sifuri, kwa hiyo jiwe lina haki ya kuanguka pale. Ukitaka uwezekano wa jiwe kuangukia kipande fulani cha shamba, hesabu nukta zake, gawanya kwa N, kisha laza ufito: kilicho kidogo kupita kiasi kiache chini, chukua namba ya kawaida iliyobaki. Mtu mwingine akichagua N tofauti na yako, tofauti yenu yote itakuwa chini ya ufito, na jibu litabaki lilelile.

Nilimpelekea mwalimu. Alisoma mara tatu akiwa amesimama. Akasahihisha alama moja ya kujumlisha. "Wacha hivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Usiguse tena." Nilidhani ananisifu tu.

Siku ya wilaya tulikwenda shule moja ya wavulana upande wa Bomet, mimi na karatasi zangu tatu za manila na ufito wa mama. Mama alikuwa ameutoa kwa shingo upande. Alisema kama utavunjika nisirudi, nikaolewe hukohuko. Hisabati ilipewa darasa la mwisho karibu na jiko. Mwamuzi mkuu alikuwa mkaguzi wa shule, mwanamume mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, na pembeni yake mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa anasinzia. Mwamuzi wa tatu alikwama kwenye matope njiani, kwa hiyo wakamwomba mwalimu wangu akalie kiti chake. Nilipomwona ameketi pale nilifurahi kama mtu aliyekuta nduguye mlangoni.

Nikazungumza dakika zangu kumi. Nikaonyesha kidole cha mama nilichokichora. Nikalaza ufito juu ya madawati mawili na kueleza. Nilipomaliza, mkaguzi akaelekeza kalamu.

"Hii fito ni ya nini?"

"Ni ya kuonyesha, Sir. Kile kiko chini ya fito ni kidogo sana, lakini kiko."

"Hizi namba zako ziko kwa silabasi?"

"Hapana, Sir. Ziko kwa kitabu." Nikampa zile kurasa. Alizishika kwa ncha ya vidole, akafungua ya mwisho.

"Hii imekatika. Mwisho yake iko wapi?"

"Sina, Sir. Ndiyo naitafuta."

"Kwa hivyo umetuletea kitu haijaisha." Akacheka, na yule wa kike akaamka akacheka pia. "Msichana, sikiza. Zero ni zero. Kitu iko ama haiko. Hakuna hapo katikati."

Nilipaswa kunyamaza. Sikunyamaza. "Sir, kuna chai haijafika fito, na iko. Hata wewe uliinywa asubuhi, ni vile ilikuwa imekua."

Wavulana waliokuwa nyuma walipiga meza kwa kicheko. Shingo ya mkaguzi ilivimba. Akamgeukia mwalimu wangu.

"Mwalimu, huyu si ni wa kwako? Kuna namba kama hizi?"

Mwalimu alikuwa anaangalia kalamu yake. "Kwa silabasi hakuna, Sir."

"Sijakuuliza silabasi. Nimekuuliza kama ziko."

Nilimtazama moja kwa moja, kwa adabu yote niliyokuwa nayo, nikimsukuma kwa macho. Neno moja tu. Hata angeitikia kwa kichwa.

"Hakuna, Sir," alisema.

Nisingesumbuka kuandika haya kama mambo yangeishia hapo, kwa sababu kushindwa ni kushindwa. Lakini mkaguzi alikuwa mtu wa huruma! Alisema tusimvunje mtoto moyo, kwamba mambo ya mvua ya mawe na kuchuma chai ni kazi nzuri sana, ila imeingia darasa ambalo si lake. Akaniandikia karatasi nipeleke mlango wa pili, kilimo. Nikapelekwa mimi na ufito wangu na N yangu, nikawekwa katikati ya chupa za maziwa lala na kuku aliyekuwa ndani ya boksi. Mwamuzi wa kilimo aliniuliza maswali mawili. Ufito ni wa mti gani? Na je, wachumaji wote wa wilaya wanaweza kupatiwa? Nilijibu yote mawili kwa meno yaliyobanwa. Kufikia saa kumi nilikuwa wa tatu. Wa kwanza alikuwa yule wa kuku.

Njiani kuelekea barabarani mwalimu alinibebea ufito. Nikamnyang'anya.

"Nyathina," aliniita. Ndivyo wanavyosema kwao, mwanangu. "Iko siku utaelewa."

Siku hiyo sikumwamkia tena mtu yeyote. Baba alipokiona cheti aliruka. Hakuna aliyewahi kushinda kitu chochote nyumbani kwetu. Nilijaribu kumweleza kwamba ni matusi, akasema matusi hayapigwi muhuri, akaenda mjini Sotik kununua fremu.

Lakini nilikuwa na karibu mwaka mzima mbele yangu na mwalimu huyo, na mtu hawezi kujifunza hesabu kutoka kwa mtu anayemchukia. Kwa hiyo nikamtafutia udhuru. Nilijiambia hivi: yeye naye alikuwa na kurasa arobaini na sita tu. Sura ya uwezekano hakuwahi kuiona, kama mimi. Angeapaje mbele ya mkaguzi kwa kitu ambacho hakukijua? Hakuwa mwoga, alikuwa mkweli. Nikamsamehe kwa sababu ya kutojua kwake, nikarudi dawati la mbele, nikafaulu mtihani wa mwisho vizuri hadi chuo kikuu kilekile kikaniita.

Wiki ya kwanza, kabla sijajua hata mahali pa kula, niliingia maktaba. Kitabu kilikuwa rafu ya chini, mgongo wake wa bluu umepauka. Nikakaa sakafuni palepale nikafungua ukurasa wa arobaini na saba. Sentensi yangu ilimalizika kwa kawaida tu, kwa kitu ambacho nilikuwa nimeshakipata mwenyewe. Nikaenda kwenye sura ya uwezekano. Namba N isiyo na mwisho. Kila nukta moja kwa N. Hesabu, gawanya, kisha baki na namba ya kawaida iliyo karibu. Wao walirusha sarafu. Mvua ya mawe hawakuwa nayo. Vinginevyo ilikuwa yangu, alama kwa alama, hata ile ya kujumlisha ambayo mwalimu aliisahihisha. Nilicheka peke yangu sakafuni, machozi yananitoka, na mtu wa maktaba akaja kuniuliza kama niko sawa.

Kisha nikafungua jalada la nyuma ili nikiazime. Kulikuwa na mfuko mdogo wa karatasi, na ndani yake kadi ambayo waazimaji hutia sahihi. Juu ya kadi ile kulikuwa na sahihi ya mtu mmoja tu. Naijua sahihi hiyo. Iko kwenye ripoti zangu zote za shule: ndoano, na nukta mbili chini yake. Ilijirudia mara saba.

Mara saba alikibeba kitabu kizima mpaka chumbani kwake. Stima haikupotea mara saba.

Kwa hiyo alijua. Aliposoma kazi yangu mara tatu akiwa amesimama, alijua. Aliposema usiguse tena, alijua kwa nini nisiguse. Na alipoulizwa kama ziko, alimtazama mtoto aliyeifikia sura ile peke yake kwa kidole cha mama yake kilichovimba, akasema hakuna. Msamaha wangu wote ulikuwa umesimama juu ya kutojua kwake. Nilibaki pale na kadi mkononi, nimejaa hasira.

Likizo ilipofika nilitoa fotokopi ya kitabu, jalada hadi jalada. Nikapitia nyumbani, nikashusha fremu ukutani baba akiwa amekwenda kukamua ng'ombe, nikaenda shuleni. Mwalimu alikuwa sasa naibu wa mkuu, na ofisi yake mwenyewe. Nikamwekea kitabu mezani bila salamu.

Hakuuliza ni nini. Wala hakutazama orodha ya sura. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe, vikafungua ukurasa wa uwezekano, kama vile mama anavyofungua droo ya chumvi gizani.

"Nilitaka kuandika project yangu juu ya hii," alisema. "Waliniweka mbele ya panel ya maprofesa. Wakaniuliza kama hizo namba ziko kweli ama ni mchezo." Akafunga kitabu. "Nikasema ni mchezo. Ndio nipate digrii."

"Kumbe ulikuwa na mazoezi ya kukana," nilimwambia.

Lilikuwa neno baya kwa mtu aliyenifundisha, na sijalijutia. Alilipokea. Macho yake yalikuwa mekundu, nami nilimwonea huruma, na huruma hiyo haikupunguza hasira hata kidogo. Vyote viwili vilikaa pamoja kifuani na vingali vimekaa. Nikakitoa cheti kwenye fremu, nikakigeuza, nikakiweka mbele yake na kalamu.

"Andika vile ungemwambia mkaguzi."

Alikaa akishika kalamu kwa muda mrefu kuliko ule aliotumia kusema hakuna. Kisha akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, mkubwa na safi: Namba hizi zipo, na mwanafunzi huyu yuko sahihi. Akatia sahihi, ndoano na nukta zake mbili.

Nikakirudisha kwenye fremu nikikusudia upande huo ndio ukae mbele. Lakini nilipofika nyumbani baba alikuwa amesimama chini ya msumari mtupu, amechanganyikiwa, ananiuliza mwizi gani anaacha redio na kuiba cheti. Nikakitundika kama kilivyokuwa. Wageni wanaendelea kusoma Kilimo, Nafasi ya Tatu, na wananipongeza, na mimi nawapa chai. Ule upande mwingine umeangalia ukuta.